Gari la rimoti na siri ya kuhimili njia mbovu

GARI dogo la rimoti lililotoka tu kwenye sanduku hupendeza machoni linapoteleza juu ya lami. Mambo hubadilika pindi linapoingizwa katika uwanja wenye mawe, mashimo na changarawe. Hapo huruka kama panzi, huangukia paa, na mwenyewe hurejea nyumbani akihesabu vipuri vilivyovunjika.

Aghalabu wengi hulaumu kasi. Ukweli ni kwamba gari hilo huwa halijarekebishwa lilingane na ardhi linayokanyaga.

Mchezo huu si mgeni duniani. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilianza kuuza magari ya rimoti ya njia mbovu mnamo 1979, na Team Associated ya Marekani ikaleta RC10 mwaka wa 1984. Mwaka wa 2008 Traxxas ilizindua Slash, pikapu iliyopunguzwa hadi sehemu moja ya kumi, ikiiga zile zinazoshindana katika mbio za njia mbovu.

Jambo la kwanza la kutazamwa ni tairi, kwa kuwa ndizo pekee zinazogusa ardhi. Udongo tifutifu huhitaji tairi zenye meno marefu yaliyoachana, ili yauchimbe udongo na kuutupa. Ardhi ngumu huhitaji meno mafupi yaliyokaribiana. Tairi nyingi za aina hii hazijazwi upepo bali huwekwa sponji ndani. Sponji laini huiwezesha tairi kukumbatia jiwe badala ya kulidunda.

La pili ni kimo cha gari. Likiinuliwa, tumbo lake halikwami kwenye mawe. Hata hivyo, kila linapopanda ndivyo uzito wake unavyopanda na ndivyo linavyopinduka upesi kwenye kona. Kianzio kizuri ni kuhakikisha kuwa, gari likiwa limesimama na betri yake, vyuma vinavyozungusha magurudumu vimelala sawa na ardhi. Kutoka hapo, huongezwa kidogo kidogo.

Tatu ni springi na shokomzoba. Springi hubeba uzito. Mafuta ya silikoni yaliyo ndani ya shokomzoba huizuia springi isirukeruke. Mafuta mepesi huliacha gurudumu lipande na kushuka haraka, likifuata kila shimo. Yakiwa mepesi kupita kiasi, gari hupiga tumbo chini kila linapotua. Mafuta mazito hustahimili miruko mikubwa, lakini kwenye vishimo vidogo hulifanya gari litetemeke na kupoteza mshiko.

Kuna jaribio rahisi lisilogharimu chochote. Gari huachiliwa kutoka kimo cha sentimita 30 hivi juu ya sakafu tambarare. Likitua kwa kishindo cha tumbo, mafuta ni mepesi mno au springi ni dhaifu. Likidunda tena na tena, mafuta hayatoshi kuizuia springi. Likizama na kuinuka mara moja kisha likatulia, liko karibu na hali ifaayo. Ikumbukwe pia kuwa mafuta hulegea kwa joto, hivyo gari lililotulia asubuhi laweza kuyumba adhuhuri.

Gurudumu pia sharti liwe na nafasi ya kushuka, si kupanda tu. Lisiposhuka ndani ya shimo, huning'inia hewani, na difu huelekeza nguvu kwa gurudumu hilo lisilo na mzigo huku mwenzake akisimama. Ndiyo maana difu zilizofungwa hutiwa mafuta mazito ya silikoni, ili nguvu igawanywe. Yakizidi uzito, gari hugoma kukata kona.

Gia nayo ina neno. Kwenye mawe na mchanga mota hufanya kazi ngumu zaidi, na gia yake ndogo ikibadilishwa kwa nyingine yenye meno machache zaidi, kasi hupungua lakini nguvu huongezeka na joto hupungua. Anayepuuza haya huunguza mota.

Lakini hatari kubwa imo katika betri ya lithiamu. Kila seli hujaa ikifika volti 4.2, na haipasi kushuka chini ya volti 3.0. Betri ya miliampea-saa 5,000 huchajiwa kwa ampea 5, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu zaidi. Ikitobolewa na jiwe au ikivimba, yaweza kulipuka moto hata baada ya muda. Basi isichajiwe tena, bali ipelekwe nje mbali na vitu vinavyoshika moto. Hata iliyo nzima haifai kuachwa ikichaji usiku watu wamelala.

Mwisho, subira. Anayebadilisha springi, mafuta na tairi kwa siku moja hatajua ni kipi kilichosaidia na kipi kilichoharibu. Mwenye busara hubadilisha kitu kimoja, huzunguka uwanja mara kadhaa, huandika matokeo katika daftari, ndipo akagusa kingine. Haraka haraka haina baraka, na katika mchezo huu hasara yake hulipwa dukani.