Nyungunyungu na Afya ya Udongo wa Kahawa



Asubuhi za masika, katika uwanja wa majani ulio mbele ya ofisi nyingi za vyama vyetu, huonekana vijilima vidogo vya udongo laini uliosokotwa kama uzi. Wako wanaovichukia, hata wakaagiza vimwagiwe chumvi. Tunaomba visimwagiwe kitu. Hicho ni kinyesi cha nyungunyungu. Kikikauka, ufagio unatosha kukitawanya, nacho ni mbolea.

Nyungunyungu hana mapafu. Huvuta hewa kwa ngozi yake, ambayo haina budi kuwa na unyevu daima. Hula majani yaliyooza pamoja na udongo, na apitapo huacha vijia ambamo maji ya mvua huzama badala ya kutiririka na kuuchukua udongo, hasara tunayoijua vyema sisi wakulima wa miteremko ya Kilimanjaro. Mwaka 1881 mtaalamu wa Kiingereza, Charles Darwin, alichapisha kitabu kizima juu ya viumbe hawa, akakadiria kuwa katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo wa kila eka hupita matumboni mwao kila mwaka. Hakuna kibarua wa kulinganishwa naye.

Lakini kwa ngozi hiyo laini, kila kinachoingia udongoni humgusa. Kwa miaka mingi mibuni yetu imepigwa dawa zenye shaba ili kuzuia chulebuni na kutu ya majani. Dawa hizo zimeokoa mazao mengi, na hatuzilaumu. Hata hivyo shaba haiozi. Ile inayodondoka hubaki katika tabaka la juu la udongo, ndipo hasa nyungunyungu wengi wanapokula, na ikizidi huwaua au huwapunguzia uzazi. Mbolea ya S.A. nayo, ikitiwa mwaka baada ya mwaka bila chokaa, huongeza uchachu wa udongo, jambo wasilolistahimili.

Kwa hiyo twapendekeza kipimo kisicho na gharama. Chimbeni shimo moja katika majani ya ofisi, ambako hapajapigwa dawa, na jingine chini ya mibuni. Kila shimo liwe na urefu, upana na kina cha sentimita 30. Wekeni udongo juu ya gunia, uvunjwe kwa mikono, nyungunyungu wahesabiwe, kisha warudishwe. Kumi au zaidi katika shimo moja ni dalili njema. Kazi hii ifanywe wakati wa mvua, kwani kiangazi huzama chini na kujikunja. Shimo tupu la Januari halithibitishi neno. Majani yasiyolimwa kwa kawaida huwa na nyungunyungu wengi kuliko shamba, hivyo tofauti ndogo isimtishe mtu. Bali majani yakitoa kumi na watano na mibuni isitoe hata mmoja, hapo pana swali la kuulizwa. Hesabu hii haielezi ni kirutubisho gani kilichopungua. Kwa hilo, sampuli ya udongo ipelekwe maabara.

Shamba lililopungukiwa lirudishiwe chakula: majani ya migomba yaliyotandazwa, na samadi. Twajua ng'ombe wa zizini anayadai majani hayo hayo. Basi samadi yake irudi kwenye mibuni, isiuzwe yote. Anayepanda upya afikirie aina za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ya Lyamungo, ambazo hupunguza sana haja ya dawa za shaba.

Makatibu waandike katika daftari tarehe, shamba, idadi ya nyungunyungu, miaka ambayo shamba limepigwa dawa na aina ya mbolea iliyotiwa. Daftari hilo lisomwe mbele ya wanachama kabla ya chama kuamua kiasi cha dawa na mbolea za kuagiza kwa msimu ujao.