Moto wa Oktoba

Wakazi wa Bombambili, mjini Songea, ni jirani wa milima ya Matogoro, ambako ndiko unakoanzia Mto Ruvuma. Msitu ukiungua huko juu, hasara humfikia kila anayetegemea maji huku chini.

Moto huo aghalabu huwashwa na mkono wa mtu: mkulima asafishaye shamba, mrina asali aachaye mwenge wake, au mwindaji afukuzaye wanyama. Nasi hatusemi kwamba kila moto ni adui. Moto wa Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita chini polepole, na mara nyingi umande wa usiku huuzima. Lakini moto wa Oktoba hukuta kila kitu kimekauka. Hupanda mlima mbio, kwani joto lake hukausha majani yaliyo juu yake kabla haujayafikia, nao huua miche ya miombo ambayo ingekuwa msitu wa kesho. Mvua zianzapo, hukuta ardhi iko uchi. Huchukua udongo hadi mitoni, na maji machache tu huzama kulisha chemchemi.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haikuacha uchomaji uwe hiari ya kila mtu. Basi, ndugu wananchi, atakaye kuchoma shamba na apate kibali kwanza, alime ukingo wa kuzuia moto, awaite majirani, wala asiondoke mpaka majivu yapoe. Kulinda msitu ni kulinda maji yetu wenyewe.