Ukadiriaji wa Nafasi ya Kuhifadhia Miswada ya Kiswahili katika Hifadhidata

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna ya kukadiria nafasi inayohitajiwa na nyaraka za hifadhidata, kwa kutumia mfano wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu. Hoja ya msingi ni kwamba kuhesabu herufi peke yake hakutoshi.

2.0 Vipengele vya Hesabu

Kipengele cha kwanza ni usimbaji wa herufi. Katika usimbaji wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, herufi ya Kirumi isiyo na alama huchukua baiti 1, ilhali herufi ya Kiarabu huchukua baiti 2, na kila alama ya irabu vivyo hivyo. Neno kitabu, kwa mfano, huchukua baiti 6 kwa hati ya Kirumi. Likiandikwa kwa herufi 4 za Kiarabu na alama 3 za irabu, huchukua baiti 14.

Cha pili ni muundo wa waraka. Katika muundo wa BSON unaotumiwa na MongoDB, jina la uga hurudiwa ndani ya kila waraka. Neno hilo la baiti 6 likiwekwa katika uga uitwao "kitomeo" huchukua baiti 20: jina la uga baiti 7, neno lenyewe baiti 6, na baiti 7 za aina, urefu na vikomo.

Cha tatu ni picha. Ukurasa wa nukta 2,000 kwa 3,000, kila nukta ikichukua baiti 3, huhitaji baiti 18,000,000 kabla ya kubanwa. Matini yake, ikiwa na herufi na alama 1,000, huhitaji takriban baiti 2,000 tu.

3.0 Utaratibu

Kwa kuwa nyaraka hazilingani, yafaa sampuli iteuliwe kwa nasibu na kuingizwa kwanza. Wastani wa ukubwa wake huzidishwa kwa idadi ya nyaraka zote, kisha huongezwa nafasi ya faharasa. Jumla hiyo huzidishwa tena kwa idadi ya nakala za tahadhari.

4.0 Hitimisho

Nafasi ikipungua kazi ikiwa katikati, kishawishi huwa ni kufuta picha na kubakiza unukuzi wa Kirumi. Hata hivyo, katika uandishi wa zamani herufi moja iliweza kuwakilisha /b/ au /p/, na alama moja /i/ au /e/. Kwa hiyo unukuzi ni tafsiri ya mnukuzi, na asili ikipotea, msomaji mwenye shaka hana pa kurejea. Ni dhahiri kwamba makadirio hayana budi kutangulia ukusanyaji.