Lesi ya Burano, Mshono Usio na Nguo

Karibu na mji wa Venice, huko Italia, kipo kisiwa kidogo cha wavuvi kiitwacho Burano, ambacho wanawake wake walipata sifa katika majumba ya wafalme wa Ulaya kwa ala moja tu, nayo ni sindano.

Asili ya kazi yao ni darizi ya kitani. Mafundi wa karne ya 16 walikuwa wakichomoa nyuzi za nguo na kushona kingo za matundu yaliyobaki, kama washonaji wa kofia wa Lamu na Unguja wanavyozungushia uzi kila kijitundu; kisha Waveneti wakathubutu kuiacha nguo kabisa, nakshi ikasimama kwa uzi mtupu, nao wakauita mtindo huo punto in aria, yaani mshono wa hewani.

Mchoro hushikizwa juu ya kitambaa cha kunjo mbili, na uzi hulazwa juu ya mistari yake na kufungwa kwa vishono vidogo, uwe kiunzi. Hapo fundi hujaza maua na majani kwa mshono wa tundu la kifungo, sindano isiguse kitambaa kamwe. Hatimaye hupitishwa wembe baina ya zile kunjo, vishono hukatika, na lesi huachana na kitambaa, nzima. Kila mwanamke alikuwa na mshono wake, hivyo kipande kimoja kilipita mikono mingi.

Ughali wake ulimkera Colbert, waziri wa Louis XIV, aliyeona mali ya Ufaransa ikimiminika Venice, na mwaka 1665 akaanzisha karakhana za lesi kwao, akawavuta mafundi wa Kiveneti.

Baadaye mavazi yalibadilika, Jamhuri ya Venice ikaanguka mwaka 1797, mashine zikaingia. Shule ya lesi ilipofunguliwa Burano mwaka 1872, ili kuwaokoa wavuvi na ufukara, aliyeijua vyema kazi ya zamani alikuwa ajuza mmoja, Cencia Scarpariola. Na kwa kuwa hakuweza kuieleza kwa maneno, mwalimu Anna Bellorio d'Este aliketi kumtazama vidole hata akaidaka, naye ndiye aliyewafunza wasichana. Kwa rai yangu, huyu mwanafunzi mwenye subira hajapewa heshima inayomstahili.

Shule ilifungwa mwaka 1970, na jengo lake sasa ni makumbusho. Madukani kisiwani humo lesi ya mashine ni tele. Ya mkono hutambulikana kwanza kwa bei yake.