Mkono wa viungo kwenye mashine ya kukereza: pima kabla ya kununua

Kwa fundi wa Misunkumilo, mjini Mpanda, anayekereza bakuli la mninga, patasi ya kawaida inatosha. Shida huanza anapokomba ndani ya chombo kirefu chenye mdomo mwembamba. Ncha ya patasi ikiwa sentimeta 30 mbele ya chuma cha kuegemezea, nguvu inayorudi kwenye mpini huwa mara mbili ya ile ya sentimeta 15. Patasi iliyopinda nayo hutaka kujiviringisha, na vifundo vya mikono huumia.

Mkono wa viungo hufungwa kwenye kitanda cha mashine. Huzuia patasi isijiviringishe, huku fundi akiisogeza mbele, nyuma na pembeni.

Kabla ya kutoa fedha, tunashauri upime mambo matatu: kimo kutoka kitandani hadi katikati ya kipande kinachozunguka, kwa kuwa ncha lazima ifike usawa huo, nafasi ya kuufunga mkono, na kina cha vyombo vyako. Mkono hauondoi mtetemo wa patasi nyembamba iliyotoka mbali.

Kama unatengeneza bakuli tu, nunua kwanza patasi imara na barakoa. Vumbi la mninga huwasha pua na kifua.