Katuni za Kijapani za magari: zinamfaa mpenda usukani, au ni kumaliza bando tu?

Kama una kundi la WhatsApp la wapenda magari, bila shaka umeshaona kipande hiki: gari dogo la katuni, jeupe kwa juu na jeusi kwa chini, linashuka mlima usiku huku tako lake likiserereka kwenye kila kona. Wasikilizaji wengi wanatuuliza katuni hiyo inaitwaje na kama inafaa kutazamwa na mtu anayependa kuendesha.

Inaitwa Initial D, na jibu letu fupi ni ndiyo, itazame. Ina mambo ya kweli kuhusu gari ambayo madereva wengi hawakuyasikia hata siku walipojifunza kuendesha. Lakini ina mambo mengine ambayo ukiyapeleka barabarani yatakuua wewe, abiria wako, au mtoto wa jirani anayerudi dukani. Makala hii inakusaidia kuyatenganisha.

Gari la muuza tofu

Hadithi hii ilichorwa na Mjapani Shuichi Shigeno. Ilianza kutoka gazetini mwaka 1995 na ikamalizika mwaka 2013. Katuni ya video, ambayo watazamaji huiita anime, ilianza kuonyeshwa mwaka 1998. Msimu wa kwanza una vipande 26, na kila kimoja ni kama dakika 24.

Kijana anayeongoza hadithi ni Takumi Fujiwara. Baba yake, Bunta, anatengeneza na kuuza tofu, chakula laini cha maharage ya soya. Kila alfajiri Takumi anapandisha tofu mlimani hadi hotelini, kisha anashuka. Ameifanya kazi hiyo tangu ana miaka 13, umri ambao hata kwao Japani sheria haimruhusu kugusa usukani. Mlima wa hadithi unaitwa Akina, ila umechorwa kwa kufuata mlima wa kweli uitwao Haruna, katika mkoa wa Gunma.

Gari lake ni Toyota Sprinter Trueno, aina ya AE86, iliyotengenezwa miaka ya 1980. Injini ni ya lita 1.6, na nguvu yake inakwenda kwenye tairi za nyuma. Wajapani huliita Hachi-Roku, yaani nane-sita. Toyota walipotoa gari jipya la michezo mwaka 2012, waliliita 86 kwa kulikumbuka hilo la zamani.

Kitu kingine kinachotufanya tujisikie nyumbani ni kwamba Wajapani huendesha upande wa kushoto na usukani wao uko kulia, kama sisi. Magari mengi ya mtumba tunayoyatumia yametoka kwao. Kwa hiyo utaona Subaru Impreza, Mitsubishi Lancer na Nissan Skyline zikikimbizana, na utazitambua kabla hujaambiwa majina.

Kwa nini kigari kidogo kinashinda

Takumi anayashinda magari yenye nguvu kuliko lake, kama Mazda RX-7 na Skyline GT-R. Wengine hudhani huo ni uongo wa katuni. Si uongo wote.

Ukipanda mlima, injini ndiyo inayokubeba, hivyo mwenye injini kubwa anakuacha. Ukishuka, mlima wenyewe unakusukuma. Hapo kazi kubwa ni kupunguza mwendo na kukata kona. Gari zito linahitaji breki zaidi, na tairi zake zinachoka mapema. Katika shindano la GT-R, tairi za mbele zinachoka mpaka gari linagoma kukata kona na linataka kunyoosha kwenda nje. Hilo hutokea kwa magari ya kweli, hasa ukiingia kwenye kona na mwendo mkubwa.

Katuni inaonyesha vizuri pia jinsi uzito unavyohama ndani ya gari. Ukikanyaga breki, pua inainama na uzito unakwenda tairi za mbele. Tairi za nyuma zinabaki nyepesi, na ukizungusha usukani kwa nguvu wakati huo huo, tako linaweza kukutangulia. Ndiyo maana mwalimu mzuri atakwambia umalize kupunguza mwendo kabla ya kona, barabara ikiwa bado imenyooka, halafu ndipo ukate.

Mafundisho haya hayakutoka hewani. Aliyeshauri watengenezaji kuhusu uendeshaji ni Keiichi Tsuchiya, dereva wa kweli aliyepata jina kwa mtindo wa kuserereka. Mwaka 1995 yeye na wenzake wawili waliongoza kundi lao katika mashindano ya saa 24 ya Le mans, Ufaransa, wakiendesha Honda NSX.

Glasi ya maji

Kwa dereva wa kawaida, sehemu yenye faida kuliko zote haina kelele hata kidogo. Bunta anaweka glasi ya maji ndani ya gari na kumtaka mwanawe asimwage hata tone. Sababu yake ni ya kibiashara: tofu ikirushwarushwa inavunjika, na tofu iliyovunjika hainunuliwi.

Ili maji yasimwagike, dereva anapaswa kukanyaga breki polepole, kuachia polepole, kugeuza usukani bila kuushtua, na kuiona kona mapema. Sasa fikiria wewe unabeba nini. Kuna anayebeba trei za mayai, kuna wa matenga ya nyanya kwenda sokoni, na kuna anayempeleka mama mjamzito kliniki. Anayeendesha kwa kujali glasi hiyo anafikisha mzigo mzima, anapunguza matumizi ya mafuta, na pedi zake za breki zinadumu.

La pili ni kwamba Takumi hakuwa mchawi. Alipita barabara ile ile, usiku kwa usiku, kwa miaka mitano. Anajua kila kona, kila ufa na kila sehemu yenye utelezi. Sifa anazopewa zimetokana na kurudia kazi moja kwa muda mrefu, wala hakujifunza kwa kutazama video.

Pale katuni inapokudanganya

Kwanza, kuserereka si njia ya haraka kama inavyoonekana. Kwenye lami kavu, tairi inayokwenda upande inapoteza mwendo na inalika vibaya. Inapendeza kuitazama, lakini dereva wa mashindano ya lami anataka tairi zake zishike.

Pili, Takumi ana ujanja wa kuingiza tairi kwenye mfereji mdogo wa maji kando ya barabara ili gari lisirushwe nje ya kona. Mfereji wa huko umejengewa kwa zege na ni mwembamba. Mitaro yetu mingi ina kina cha kuzamisha tairi zima. Ukiingia kwa spidi unapinduka.

Tatu, barabara ya katuni inakuwa tupu pale inapotakiwa kuwa tupu. Zetu haziko hivyo usiku. Utakuta lori limeharibika na limewekewa matawi badala ya taa, baiskeli isiyo na kiakisi, ng'ombe waliolala kwenye lami kufuata joto, na watu wanaotoka msibani. Anayejua mteremko wa Kitonga, njia ya kwenda Iringa, au wa Sekenke kule Singida, anajua kwamba nyuma ya kona kuna lori linalopanda kwa mwendo wa konokono na jingine linalojaribu kulipita.

Nne, breki. Ukishuka mlima mrefu huku umezikanyaga mfululizo, zinapata moto mkali. Pedi zinapoteza uwezo wa kushika, na mafuta ya breki yakichemka, mguu unazama na gari halisimami. Madereva wa zamani wana kanuni yao: shuka kwa gia ambayo ungepandia. Kwa gari la otomatiki, weka kwenye 2 au L, au zima kitufe cha O/D, ili injini isaidie kulizuia gari. Kamwe usishuke kwa gia huru ukidhani unaokoa mafuta.

Zipo nyingine

Kama mbio za barabarani hazikupendezi, tafuta Capeta, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2005. Ni hadithi ya mtoto asiye na mama, ambaye baba yake anafanya kazi ya kutengeneza barabara za lami. Baba huyo anamuundia mwanawe kigari cha mashindano kwa vipuri vilivyotupwa. Ukimpenda fundi anayetengeneza kitu kwa mabaki, utaipenda, na mbio zake ziko uwanjani.

Wangan Midnight, ya mwaka 2007, inahusu gari la zamani la Nissan lililookotwa kwenye uwanja wa vyuma chakavu, likakimbizwa kwenye barabara kuu za Tokyo. Hiyo ina mazungumzo mengi kuhusu injini na mafundi. MF Ghost, iliyoanza mwaka 2023, ni mwendelezo wa Initial D wenye picha za kisasa zaidi.

Kabla hujafungua data

Katuni hizi zinazungumza Kijapani, na mara nyingi maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Kama Kiingereza kinakusumbua, tazama na mwenzako anayeweza kukusomea. Magari ya Initial D ya mwaka 1998 yamechorwa kwa kompyuta za wakati ule na yanaonekana ya kizamani, kwa hiyo hupotezi kitu ukichagua ubora mdogo wa picha ili bando lidumu. Anza na vipande vitatu vya kwanza. Visipokunasa, acha.

Na kama kuna kijana nyumbani anayeendesha bodaboda au anajifunza gari, mkae mtazame pamoja. Likifika tukio la kona, simamisha video umuulize: hapa kwetu, nyuma ya kona hii kungekuwa na nini? Kisha mwambie siku akiendesha aweke chupa ya maji iliyofunguliwa pembeni, aone kama itafika nyumbani bila kumwagika. Jaribio hilo halihitaji spidi, na halimhatarishi mtu yeyote.