Koili ya jiko la umeme

Koili ya jiko la umeme ni waya wa aloi uliosokotwa kama springi na kulazwa ndani ya mifereji ya sahani ya kauri. Umeme unapopita ndani yake, waya hupata joto hadi kuwa mwekundu, na sufuria huwekwa juu. Jiko la namna hii ni miongoni mwa majiko ya umeme ya bei nafuu, na ni kati ya vyombo vichache vya umeme ambavyo mtu anaweza kuvitengeneza nyumbani kwa bisibisi na plaizi. Kwa sababu hiyohiyo ndilo linaloharibiwa zaidi na matengenezo yasiyofaa, hasa desturi ya kuunga koili ileile mara kwa mara mpaka inakuwa fupi.

Matumizi katika pwani ya Lindi

Pwani ya Lindi ina gesi asilia. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Wilayani humo pia kuna kituo cha Somanga Fungu kinachozalisha umeme kwa gesi, na mji wa Lindi umekuwa ukitegemea umeme wa gesi ya Mnazi Bay, mkoani Mtwara. Hata hivyo jikoni nyumba nyingi bado hutumia kuni na mkaa. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Kwa mpangaji wa chumba kimoja Kilwa Masoko au Kivinje, jiko la koili ni njia fupi ya kuacha mkaa, ilimradi LUKU ina yuniti.

Aina za waya

Waya wa shaba haufai kwa kazi hii, kwa kuwa ukiwa mwekundu huoza hewani kwa muda mfupi. Aloi ya nikeli na kromiamu, iitwayo nikromu, ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1906 kwa jina la Albert Marsh. Kromiamu iliyomo hufanya utando mwembamba juu ya waya, na utando huo huzuia hewa isiendelee kuula. Aloi ya pili ni ya chuma, kromiamu na alumini. Ilitokana na kazi ya Hans von Kantzow nchini Uswidi na hujulikana zaidi kwa jina la biashara Kanthal.

Kuzitofautisha ni rahisi. Sumaku ya spika mbovu huvuta aloi ya chuma lakini haivuti nikromu ya kawaida. Kipimo hiki kina maana kwa fundi, kwa sababu aloi ya chuma ikishatumika kwa muda huwa kavu na kuvunjika kama kijiti inapokunjwa ikiwa baridi. Nikromu iliyotumika hubaki laini zaidi na huvumilia kukunjwa.

Urefu wa koili na joto lake

Watu wengi hudhani koili ikipungua urefu itatoa joto dogo na kula umeme kidogo. Ukweli ni kinyume chake. Volti za ukutani hazibadiliki kwa sababu koili imefupishwa. Kinachobadilika ni ukinzani. Nguvu ya jiko hupatikana kwa kuzidisha volti kwa volti, kisha kugawanya kwa ukinzani.

Chukua koili ya wati 1000 kwa umeme wa volti 230. Ukinzani wake ikiwa ya moto ni karibu omu 53, na mkondo unaopita ni ampea 4.3 hivi. Ikikatwa robo na vipande vilivyobaki kuungwa, ukinzani hushuka hadi karibu omu 40. Nguvu sasa ni wati 1333, na saa moja ya kupika ambayo ilikula yuniti moja itakula yuniti moja na theluthi. Ikibaki nusu, nguvu hufika wati 2000.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye LUKU. Joto hilo lililoongezeka linatoka kwenye waya mfupi zaidi, hivyo katika mfano wa robo kila sentimita ya waya hubeba karibu mara 1.8 ya mzigo wake wa awali. Koili hung'aa kuelekea rangi ya chungwa, wenye nyumba hufurahi kwamba fundi amelitia jiko nguvu, na baada ya muda si mrefu inakatika tena. Kila kuunga huharakisha kukatika kunakofuata. Plagi, soketi na waya wa jiko navyo hupitisha mkondo ambao havikukusudiwa kuubeba.

Volti zikishuka, hali hugeuka. Kwenye nyumba iliyo mbali na transfoma, umeme ukishuka hadi volti 200 wakati wa jioni, koili ileile ya wati 1000 hutoa wati 756 tu. Hapo jiko si bovu, na kufupisha koili ili "lipate moto" ni kosa litakaloonekana usiku wa manane volti zitakaporudi.

Sababu za kukatika

Koili huchakaa kwa kupashwa na kupoa, lakini nyingi hukatwa mapema na vitu vinavyomwagika. Wali wa nazi ukifurika, tui huungulia kwenye mfereji na kuacha masizi. Mchuzi wa samaki na maji ya kuchemshia muhogo yana chumvi, na chumvi ikikaa juu ya waya mwekundu huuharibu ule utando unaoulinda. Ufukweni hewa yenyewe ina chumvi. Mara nyingi skrubu za kushikia waya hupata kutu kabla koili haijachoka. Skrubu yenye kutu au iliyolegea hufanya joto mahali pasipotakiwa, na dalili yake ni plastiki iliyoyeyuka au kubadilika rangi.

Kutafuta tatizo

Kwanza plagi hutolewa ukutani. Kuzima swichi ya jiko hakutoshi, kwa kuwa kwa kawaida hukata waya mmoja tu, na kama soketi imefungwa kinyume, koili hubaki na umeme ingawa jiko limezimwa.

Majiko yenye swichi ya ngazi tatu huwa na koili mbili katika sahani moja. Zikiwa na wati 1000 kila moja, ngazi ya juu huziwasha zote sambamba kupata wati 2000, ya kati huwasha moja, na ya chini huzipanga kwa mfuatano kupata wati 500. Kwa hiyo koili moja ikikatika, ngazi ya juu hutoa nusu ya joto na ngazi ya chini haiwaki kabisa. Wengi huanza kulaumu swichi, ilhali swichi ni nzima.

Kwa multimita, koili nzima iliyofunguliwa mwisho mmoja huonyesha omu chache au makumi kadhaa kulingana na wati zake. Iliyokatika haisomi kitu. Kipimo cha pili husahauliwa: kati ya koili na bati la jiko kusiwe na usomaji wowote. Kama upo, mara nyingi chanzo ni masizi yenye chumvi na unyevu, na sahani inahitaji kusafishwa na kukaushwa vizuri juani.

Kuunga au kubadilisha

Mkato uliotokea karibu na skrubu ya mwisho unaweza kutengenezwa: waya hunyooshwa kidogo, husuguliwa kwa msasa na kukazwa upya chini ya nati. Mizunguko michache tu hupotea. Mkato wa katikati ni jambo jingine. Risasi ya kulehemu haifai, maana huyeyuka kabla ya nyuzi joto 200 wakati koili hufika mamia kadhaa zaidi. Kusokota ncha mbili pamoja hufanya kazi kwa muda, lakini kiungo kikilegea kidogo huwa ndicho chenye ukinzani na joto kubwa kuliko sehemu nyingine. Kwa jumla, koili iliyopoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya urefu wake ibadilishwe.

Koili mpya huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme kwa kutajwa wati zake, ikiwa imebanwa. Pima urefu wa mfereji wote kwa uzi, kisha vuta koili taratibu hadi ilingane na uzi huo, mizunguko ikiwa na nafasi sawa. Mahali mizunguko iliposongamana patang'aa zaidi na ndipo patakapokatika. Ikivutwa kupita kiasi hairudi, na kuikata ili itoshe ni kurudia tatizo lilelile la kufupisha. Mara ya kwanza washa bila sufuria kwa vipindi vifupi, dirisha likiwa wazi. Moshi kidogo wa mafuta ya kiwandani ni wa kawaida.

Hatari

Koili ya jiko haina kifuniko cha kuzuia umeme. Sufuria ya alumini iliyopinda kitako ikiigusa, sufuria yote inakuwa na umeme, pamoja na mwiko wa chuma uliomo. Waya wa ardhi huunganishwa na bati la jiko ili hitilafu ikate fyuzi badala ya kupita mwilini, lakini nyumba nyingi za zamani hazina waya huo, au fundi aliuacha wazi alipofunga plagi ya pini mbili. Anayepika pekupeku juu ya sakafu ya saruji yenye maji yuko hatarini zaidi.

Koili ndogo za sigara ya kielektroniki

Sigara ya kielektroniki, iliyobuniwa na Hon Lik nchini China mwaka 2003, ina koili ya aloi hizohizo, na baadhi ya watumiaji huisokota wenyewe. Hesabu ni ileile, ila volti ni ndogo na ukinzani ni mdogo zaidi. Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2, koili ya omu 1 huvuta wati 17.6, na ya nusu omu hufika wati 35. Kosa la mizunguko michache kwenye jiko hukata fyuzi au koili, lakini kwenye betri isiyo na kinga linaweza kusababisha moto au mlipuko mkononi. Uganda ilipiga marufuku sigara hizo katika sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015.